Meno ya Gia Niliyoyapiga Tupa

Nyamizi mama,

Shuleni walitufundisha kwamba barua inaanza hivi: hujambo, mimi sijambo. Niliishia la tatu lakini hilo nililishika. Sasa nikiandika mimi sijambo nitakuwa nimekudanganya kwenye mstari wa kwanza, na karatasi zenyewe nimeomba kwa mwalimu jirani, siwezi kuchana nianze upya. Basi tuseme wewe hujambo. Mimi naogopa.

Najua hujawahi kunisikia nikilitamka neno hilo. Hata tulipokuwa bado Ugalla kwenye mizinga ya nyuki, simba akapita usiku nyuma ya kibanda, niliwaambia nyie mlale, huyo bwana ameomba njia tu, nimempa. Mkacheka mkalala. Mimi nilikaa mlangoni na shoka mpaka kulipokucha, na shoka lenyewe lilikuwa halina makali. Hilo la makali sikuwaambia.

Jua bado lipo ninavyoandika. Wewe umekwenda kumuaga shangazi yako. Mama yako yuko ndani anafunga mzigo wako, anafungua, anafunga tena. Aliponiona na kalamu alisimama mlangoni.

"Unaandika nini?"

"Barua."

"Kwa nani?"

"Nyamizi."

"Nyamizi si anarudi kula sasa hivi? Mwambie kwa mdomo."

"Mengine hayaambiki mtu ana tonge mdomoni."

Akaniangalia vile anavyoangalia nyama ya mnadani. "Haya. Ila usimwandikie vichekesho vitupu. Mtoto anakwenda ziwani."

Kwa hiyo mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya wanaume wa mwaloni, pale boti zinapoegeshwa, wanaopenda kusaidia wasichana kubeba vitu visivyo vizito, hayo atakuambia yeye. Atakuambia mpaka uombe lori liondoke. Mimi nina la injini.

Barua hii nitakupa kesho stendi ukishapanda, na nitakuambia usiifungue mpaka mfike Kabungu, huko njiani. Utaona mbele kwa nini.

Wewe ulizaliwa ukakuta pipa la maji liko uani, ukadhani kila nyumba ya mtaa huu wa Kawajense ina pipa la kupimia injini za boti. Hujui lilivyokuja. Mimi nilikuwa fundi baiskeli, na kabla ya hapo niliuza asali, na katikati niliuza suruali za mitumba ambazo zote zilikuwa za watu warefu. Siku moja akashuka kwenye lori mtu wa Karema, kule ziwani, na injini ya boti kwenye gunia, akasimama pale sokoni akauliza kama kuna fundi anayezijua. Maana treni inaishia hapa Mpanda, basi watu wa ziwani wanadhani kila chuma kinachoshuka kwenye treni lazima hapa kuna mtu anakijua. Mimi nikasema, "Umeshafika."

Ziwa lenyewe sikuwa nimewahi kuliona, mama. Nilikuwa nimeliona kwenye kalenda.

Nikaisimamisha injini ile kwenye gogo. Nikaitazama juu mpaka chini. Nikamwambia yule bwana, "Hii wameiwekea feni kubwa ya kujipoza, kazi nzuri."

Akaniangalia. "Fundi, hiyo ndiyo inayosukuma boti."

"Najua," nikasema. "Nilikuwa nakupima wewe kama unajua."

Akacheka, akaniachia injini. Nikaiwasha pale pale juu ya gogo, kavu. Ikanguruma vizuri kabisa, watu wakapiga makofi, halafu ikaanza kunuka kama kandambili iliyoangukia jikoni. Ndiyo nikajua kuna mpira ndani unaovuta maji ya kupoza, na mpira ule bila maji hauna subira. Kesho yake nikatafuta pipa. Jina la Fundi Pipa linatoka huko, na watu wanadhani ni kwa sababu ya tumbo.

Nilijifunza hivyo hivyo, kwa kuharibu. Unakumbuka nilivyokuwa nakosa washa za kuzibia ile skrubu ya chini ya oili ya gia, nikawa naziba kwa nta ya Ugalla? Nilijiona nimevumbua kitu. Nta inaziba mzinga, itashindwa skrubu? Oili ikaila nta taratibu, maji yakaingia, injini zikarudi moja moja na oili nyeupe kama chai ya maziwa. Ukiiona oili ya rangi hiyo huhitaji kuuliza mtu, maji yameshaingia ndani na vyuma vinaoza. Wateja nikawaambia ni maji ya ziwa mwaka huu yana nguvu. Wakakubali. Watu wanakubali ukiwaambia huku unacheka.

Hapo ndipo ninapotaka kufika, lakini acha nizunguke kidogo, maana moja kwa moja naona mkono unakataa.

Hadithi ya mimi na boti ya Mzee Sumuni unaijua. Nimeisimulia nikiwa nimesimama juu ya pipa, nikiigiza abiria kila mmoja anavyosali kwa kilugha chake, na Mha mmoja aliyekuwa anasali huku anakula karanga zake asije akazama nazo. Kila mtu hapa mtaani anaijua. Kuna kipande kidogo huwa nakiruka.

Mzee Sumuni alikuwa nahodha pale Karema, mtu wa maneno machache. Nilimtengenezea injini yake, gia ya mbele ilikuwa inachomoka. Nikaipima kwenye pipa, ikakaa. Nikaipima tena, ikakaa. Akasema, "Imekaa pipani. Twende wote tukaone kama itakaa na ziwani." Mimi nikakubali, nikijua ni matembezi.

Tukapakia watu na magunia. Tulivyotoka tu kwenye kona ya mawe, upepo ukaja wa ubavu, mzee akaongeza moto, na gia ikachomoka. Wewe unajua mlio ule, ila wa pipani. Ziwani ni mwingine. Injini inapiga kelele ya juu kabisa kama imefurahi, na boti imelala palepale, inasukumwa na upepo kurudi kwenye mawe.

"Fundi," Mzee Sumuni akasema, "inaimba lakini hatuendi."

"Inapasha moto tu, mzee," nikasema. Nikacheka.

Sikucheka kwa sababu kuna kitu cha kuchekesha. Mimi nikiogopa ndivyo ninavyofanya, uso unajipanga wenyewe. Sasa pembeni yangu alikuwa amekaa mama mmoja na mtoto mgongoni. Aliposikia injini imebadilika alianza kufungua khanga, amlete mtoto mbele, amshike mikononi. Alikuwa na akili kunizidi. Halafu akaniona ninavyocheka. Akamwambia mwenzake, "Fundi mwenyewe anacheka, hamna neno." Akamrudisha mtoto mgongoni, akakaza khanga, akapiga mafundo mawili.

Hicho ndicho kipande.

Hakufa mtu. Abiria walichukua makasia, mimi nikashikilia leva ya gia kwa mikono yote miwili isichomoke, mzee akapunguza moto mpaka kidogo kabisa, tukatambaa. Ubao mmoja ulipasuka kwenye jiwe, tukafika tumelowa mpaka kiunoni. Siku hizi nikiisimulia nasema nilioga bure. Lakini lile fundo la pili, Nyamizi, nililiona linavyokazwa, na mimi ndiye niliyelikaza, kwa meno yangu haya ya mbele.

Nilielewa baadaye kilichotokea. Pipani maji yanazunguka pamoja na pangaboi. Hakuna boti, hakuna magunia, hakuna upepo. Gia haijabeba chochote, kwa nini ichomoke? Hata mimi ukinitwika kikapu kitupu nitakuambia nina nguvu. Toka siku hiyo nikawa najua kwamba pipa linakuonyesha kama injini inawaka na inavuta maji, basi. Nikawa najua, na bado nikawa nawaambia wateja, imekaa pipani, imepona.

Sasa wewe unakwenda kuwa fundi wa boti, na unakaa nayo humo humo, siyo kama mimi ninayeirudisha kwenye gunia na kumuaga. Kazi yenyewe mkono wako unaijua kuliko kalamu yangu. Mteja akisema gia imekufa usimwamini, yeye anaona leva tu. Anza juu ushuke. Hili ulinifundisha wewe, ile mara nimeshafungua mguu wote wa injini, gia ziko kwenye beseni la mama yako, ukaja na chai ukasema, "Baba, mbona hii nati inacheza?" Ni nati ya rodi inayoshuka kutoka kwenye leva, ilikuwa imelegea, gia inasukumwa nusu njia. Nilifungua nyumba nzima kutafuta ufunguo ulioko mlangoni. Nikakuambia nilikuwa najua, nakupima. Ukanijibu, "Umenipima sana baba, sasa nipe spana." Mama yako alicheka akamwaga dagaa.

Chomoa waya wa plagi kwanza, tia gia, zungusha pangaboi kwa mkono. Kwenye frii lizunguke bila kinyongo, kwenye gia likatae. Ikinguruma na boti haiendi, kabla hujaisingizia gia angalia pini ya pangaboi kama imekatika, halafu mpira ulio ndani ya pangaboi kama unateleza. Chora mstari kutoka kwenye kitovu mpaka kwenye pangaboi lenyewe, endesha, rudi uangalie. Mstari ukiwa umeachana, mpira umekwisha, gia haina kesi. Rangi ya kucha inafaa kuliko chaki. Kile kichupa chako chekundu ulichomlaumu mdogo wako kwamba amekiiba, niko nacho mimi, nimekitia kwenye mfuko wako wa spana.

Na gia haipendi kubembelezwa. Shusha moto mpaka chini, halafu itie mara moja, kwa uhakika, kama unavyomfungia mbuzi mlango. Wenye huruma, wanaoisogeza taratibu isiumie, ndio wanaosaga pembe za meno.

Hayo meno sasa.

Injini ya Mama Sikitu, tajiri wako mpya wa Karema, unaijua, tumeifungua pamoja. Tulianza juu kama unavyotaka wewe, rodi ilikuwa nzima, nati zote zimekaza, pini nzima, mpira mzima. Tukafungua mguu, tukakitoa kile kipande cha katikati chenye meno, kile kinachoteleza kwenye shafti kwenda kukamata gia ya mbele au ya rivasi. Ukakiweka kwenye kiganja ukasema, "Baba, kimekuwa kama sabuni iliyobaki." Kweli. Pembe zote zimekuwa mviringo. Kipande kama hicho mzigo ukija hakina pa kushikia, kinasukumwa nje, na gia inachomoka.

Tuliagiza kingine kije na treni. Mvua ikakata reli huko porini, na mpaka leo kila nikienda stesheni yule bwana ananiona kwa mbali anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Mama Sikitu yeye hawezi kungoja. Boti yake imekaa mchangani, abiria wanapanda za wengine. Na amekuchukua wewe kwa sababu moja, mama, siyo kwamba hakuna vijana wa kiume Karema wanaojua spana. Alisema mbele yangu, "Nampokea binti yako aje na injini. Injini ikija peke yake nitatafuta wa kuifunga. Binti akija peke yake nitampa kazi gani, aimbe?" Wewe ulikuwa umesimama pale.

Hiyo kazi uliitaka toka ukiwa na magoti yenye vidonda. Nani mwingine atampa injini msichana wa Kawajense? Wakija hapa uani wakikukuta peke yako wanakuuliza fundi yuko wapi, na wewe umeshika spana.

Basi nikafanya ninavyofanya. Nikachukua tupa, nikapiga zile pembe mpaka zikawa kali tena, nikakigeuza kipande upande wa pili ambao haujatumika sana, tukafunga. Pipani ikakaa. Wewe ulifurahi ukamkumbatia mama yako na mikono ya oili.

Ila chuma cha namna ile kimepikwa juu tu. Ngozi yake ndiyo ngumu, ndani ni laini. Ukipiga tupa umeitoa ngozi. Meno yanakuwa makali, ndiyo, kama kisu kilichochongwa kwa ndizi mbichi.

Leo mchana mlikuwa pale nje na Mama Sikitu, mimi niko ndani natafuta kofia. Nikamsikia akikuuliza, "Na wewe fundi mdogo, unasemaje? Imepona kweli? Maana mimi nabeba watu, sibebi mchanga."

Ukamjibu, "Mama, hii imepona, wewe andaa abiria tu." Na ukacheka.

Nyamizi, nilidhani ni mimi niliyecheka. Naapa niligusa mdomo wangu. Kicheko kilekile, kinaanzia puani, kinaisha na kale kakikohozi. Mama Sikitu naye akacheka, mabega yakashuka, akasema, "Haya, nimeridhika." Niliona kupitia dirishani jinsi alivyoridhika. Nilishawahi kuona mtu akiridhika hivyo.

Wewe hukumdanganya. Uliamini, kwa sababu mimi nilikuambia imepona. Lakini umeshajua njia. Umeshajua mtu akiogopa unamfanyaje. Nimekulea miaka yote hii nikidhani nakurithisha spana.

Mlipoondoka kwenda sokoni nikaifungua tena, peke yangu. Nikatoa skrubu ya chini, nikakinga oili kwenye kiganja, nikatoka juani. Inametameta. Ni ungaunga wa chuma, mwembamba, unang'aa kama magamba ya dagaa. Nikafungua mguu nikakitoa kipande. Zile pembe nilizozipiga tupa zimeshaanza kuwa mviringo, na imefanya kazi pipani tu, haijasukuma hata kandambili ndani ya maji. Nikakirudisha, nikatia oili mpya, nikafunga, nikaifunika na turubai. Iko mlangoni hapa, karibu na mguu wangu. Mama yako amepita mara mbili akaigusa kama anavyogusa mtoto aliyelala.

Kwa nini sikuita mtu? Kwa nini sikukuambia uliporudi kuchukua khanga ya kwenda kwa shangazi? Ulisimama mbele yangu ukaniuliza, "Baba, una nini leo, mbona umenyamaza?" Nikasema nimekula kisamvu kibaya. Ukacheka ukaenda.

Nimekaa nikajiuliza hapa, na jibu siyo zuri. Naogopa ziwa, ndiyo. Wewe hujui kuogelea, mimi sijui kuogelea, ukoo wetu mzima maji mengi tuliyowahi kuvuka ni mto Ugalla wakati wa kiangazi. Lakini kuna hofu nyingine iliyo juu ya hiyo. Naogopa kesho asubuhi. Lori limesimama, Mama Sikitu amekaa mbele na dereva, utingo anasema haya leteni mzigo, watu wamejaa wanatazama, na mimi nisimame pale niseme: injini haijapona, haipandi. Sijawahi kusema hivyo, Nyamizi. Toka siku ile ya "umeshafika" sijawahi kumwambia mteja hapana. Sijui hata mdomo unakaaje. Nimejaribu hapa kwa sauti ndogo, mama yako akauliza kutoka ndani, "Unasemaje?" nikasema nasoma barua.

Na nikisema hapana, wewe utanitazama. Nimeshauona uso wako. Utadhani baba hataki uende. Utadhani nimeiharibu makusudi. Mama Sikitu atafungua mdomo, na ninajua atakachosema: basi binti naye abaki. Na utashuka kwenye lori na mfuko wako wa spana mbele ya Kawajense nzima.

Hayo ndiyo yaliyo kwenye mizani, na upande wa pili kuna mtu amekaa kwenye boti na mtoto mgongoni. Ukiandika hivi kwenye karatasi hata mbuzi anajua la kuchagua. Stendi asubuhi ni kitu kingine. Mimi najijua. Mtu akinitazama kwa matumaini, uso wangu unajipanga wenyewe.

Basi sikiliza. Wewe unayesoma hapa Kabungu unajua kilichotokea asubuhi. Mimi ninayeandika sijui.

Kama mdomo ulifunguka, basi umepanda lori bila injini. Maana kama ulishushwa, barua hii isingekufikia, ningeitia kwenye jiko. Nimepanga nimwambie Mama Sikitu akuchukue hivyo hivyo, ukafanye kazi kwenye injini za wenzake pale mwaloni, na kipande kikifika na treni mimi mwenyewe nitakileta na injini mgongoni, hata kama ni kwa baiskeli. Labda alikubali. Labda alisonya kwanza. Labda ulilia kutoka Kawajense mpaka hapo ulipo, na umenichukia barabara nzima. Ni sawa, mama. Nichukie ukiwa nchi kavu. Ukimaliza kusoma utakuwa umejua, na chuki nyingine utaibakiza kwa siku nitakayokuja, maana najijua, nitachelewa.

Kama injini iko nyuma hapo, chini ya turubai, basi nilishindwa. Nilicheka, nikamsaidia utingo kuipandisha, nikawapungia mkono. Usishangae. Hata mama yako hangeshangaa kama angejua.

Ikiwa hivyo, kazi yangu imekuangukia wewe, na sina haki ya kukupa, lakini hamna mtu mwingine ndani ya lori hilo anayejua. Mkifika Karema usikubali ifungwe kwenye boti yenye watu. Watakuwa wanangoja mchangani, wataanza kupakia kabla hujaoga. Mwite Mama Sikitu pembeni ya injini. Fungua ile skrubu ya chini, oili idondokee kwenye kiganja chake yeye, siyo chako, mtoe juani aone inavyong'aa. Iliyo humo ni oili mpya, kwa hiyo iwashe kwanza kwenye maji ya magotini, tia gia, iache ifanye kazi kidogo, ndipo ufungue. Itang'aa tu. Kama mtu amekwisha kuifunga usiku ukakuta mko majini tayari na gia imechomoka, punguza moto mpaka chini kabisa, irudishe, ishikilie leva kwa mkono, msitafute haraka, mtambae kurudi. Usicheke na mtu yeyote. Mwenye mtoto mgongoni mwambie amlete mbele.

Watakuuliza imekuwaje, mbona baba yako alisema imepona. Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu wewe una heshima, nimekulea vizuri kwa upande huo, au mama yako amekulea. Utataka kunifunika. Utataka kusema baba alikosea kidogo, au pipa lilidanganya, au ni barabara mbaya imeitikisa. Ukisema hivyo watabaki wamekaa kwenye boti, wataweka mizigo mapajani, watakuambia haya fundi, rekebisha, tunakungoja. Watu wanalingoja kosa lirekebishwe; uongo hawaungoji.

Kwa hiyo usiseme baba alikosea. Mimi baba yako nakuruhusu, na nimeandika kwa mkono wangu, mtu akikubishia mwonyeshe. Simama mbele yao wote, nitaje kwa jina langu la ukoo ili wasidhani ni mwingine, useme kwa sauti kwamba baba yako alijua na akadanganya. Usikie watakavyonitukana. Waache wanitukane wote, huku wanashuka.

Mihayo,
baba yako wa Kawajense